Jinsi ya kuchambua mfululizo wa besiboli kabla haujaanza: Yankees wakienda Boston

Waliokulia kwenye soka wakianza kuchambua besiboli hukimbilia msimamo wa ligi. Uweke pembeni kwanza. MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ni mechi 162 kwa kila timu, na wapinzani hukutana siku tatu au nne mfululizo uwanja uleule, ila kila siku mrushaji anayeanza (anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani) ni mwingine. Timu tishio Ijumaa yaweza kuwa ya kawaida tu Jumamosi. Tuchukue Yankees wa New York wakiwafuata Red Sox wa Boston kwenye uwanja wao, Fenway Park.

Hatua ya 1: Panga warushaji wa kuanza
Chora jedwali: siku, mrushaji wa huku, mrushaji wa kule, mkono anaotumia. Timu ikichelewa kutangaza jina, angalia nani alianza siku tano au sita zilizopita. Mara nyingi ndiye zamu yake. Mkono ni muhimu kwa sababu wapigaji wengi wa kushoto hupata tabu mbele ya mrushaji wa kushoto, na kocha hupanga kikosi kwa kuangalia hilo.

ERA, yaani wastani wa pointi anazoruhusu kwa raundi 9 (mechi kamili; katika raundi kila timu hupiga mara moja), hudanganya sana mwezi wa kwanza wa msimu. Mimi hutazama amewatoa wapigaji wangapi kwa straiki tatu (mipira mitatu mizuri waliyoshindwa kuipiga) na amewapa wangapi besi ya bure (baada ya kurusha mipira minne mibaya).

Hatua ya 2: Hesabu uchovu wa warushaji wa akiba
Hapa ndipo wachambuzi wengi hulala. Siku hizi anayeanza mara nyingi hutoka raundi ya tano au ya sita, mechi ikabaki mikononi mwa akiba. Fungua takwimu za mechi za siku tatu zilizopita, uandike kila mmoja karusha mipira mingapi. Tuseme mrushaji wa kumalizia mechi karusha 15 Jumatano na 28 Alhamisi: Ijumaa huenda akapumzishwa. Sentensi hiyo moja ina faida kwa msomaji kuliko aya nzima ya historia ya uhasama wao.

Kumbuka pia kuwa tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya raundi (zamu ya timu moja kupiga), isipokuwa akiumia au akiugua. Kumwingiza kwa ajili ya mtu mmoja kumekuwa kamari.

Hatua ya 3: Soma uwanja
Fenway ni wa 1912. Ukuta wake wa kushoto una kimo cha mita 11 hivi, lakini uko karibu, kama mita 94 tu kutoka anaposimama mpigaji. Mpira wa juu ambao kwingine ungedakwa, hapa hugonga ukuta na mpigaji anafika besi ya pili. Basi tafuta wapigaji wa mkono wa kulia wanaopiga juu kuelekea kushoto.

Hatua ya 4: Majeruhi
Anayewekwa kwenye orodha ya majeruhi hukaa nje angalau siku 10, au 15 kwa warushaji. Angalia nani anarudi katikati ya mfululizo.

Hatua ya 5: Kinachogombewa
Sasa rudi kwenye msimamo. Hawa wako kundi moja, na tangu 2023 hukutana mara 13 tu kwa msimu. Wakilingana mwishoni hakuna mechi ya ziada; matokeo baina yao ndiyo yanayotazamwa kwanza.

Hatua ya 6: Tabiri
Toa jibu: 2–1 kwa nani, na mechi ipi itaamua. Kikosi hutoka saa chache kabla, kwa hiyo acha nafasi ya kurekebisha. Na wape wasomaji saa zao: saa 1:10 usiku Boston wakati wa kiangazi ni saa 8:10 usiku Nairobi na Dar es Salaam.