Kabla hujamtumia broka wa foreksi pesa yako, mkague hivi

Juzi binamu yangu wa Kisauni kanipigia usiku, sauti imemkauka. Katuma elfu themanini kwa kampuni moja aliyoletewa na mtu wa WhatsApp, akaunti inaonyesha faida kubwa, lakini akitaka kutoa anaambiwa alipe kwanza ushuru ndo pesa ifunguliwe. Nikamwambia usiongeze hata senti, hiyo ishaenda. Iliniuma sana, maana dakika ishirini za kukagua zingemuokoa, na ndo hizo naziandika hapa.

Kwanza jua unaingia wapi. Hisa za Kenya zina soko lao Nairobi, lakini foreksi, yaani kununua na kuuza sarafu za nchi, haina jengo, ni benki na benki zinauziana kwa mitandao, inaanza Wellington na Sydney sisi bado tumelala, London inafungua kwetu saa nne au saa tano asubuhi kulingana na msimu wao, halafu New York inaingia alasiri. Aprili 2022 hesabu ya BIS, ile benki ya benki kuu za dunia, ilikua dola trilioni 7.5 kwa siku moja. Sasa wewe na dola zako mia hapo Majengo huingii huko mwenyewe, lazima upitie broka, yaani kampuni ya kati inayokufungulia akaunti, na mara nyingi broka huyo huyo ndo yuko upande wa pili wa biashara yako. Kwa hivyo swali la kwanza si dola itapanda ama itashuka, swali ni huyu mtu sheria ya nani inamshika.

Na hakuna askari wa dunia nzima. Kuna IOSCO kule Madrid, inakutanisha wasimamizi wa nchi mbalimbali na kutoa maonyo, lakini leseni haitoi. Leseni inatoka nchi kwa nchi: kwetu ni CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kwa kanuni za 2017, Uingereza ni FCA, Marekani ni CFTC na NFA, Australia ni ASIC.

Haya, fungua tovuti ya broka ushuke mpaka chini kabisa, kwa yale maandishi madogo watu hawasomi. Andika jina kamili la kampuni, sio lile la matangazo, na namba ya leseni. Halafu chapa mwenyewe cma.or.ke, usibonyeze linki aliyokutumia, na utafute hilo jina kwa orodha ya wenye leseni. Akisema ana leseni ya London, nenda kwa rejista ya FCA. Linganisha jina herufi kwa herufi, linganisha na anwani ya tovuti na namba ya simu, kwa sababu kuna wezi wanaochukua jina na namba ya kampuni halali wakazibandika kwao. Skrinshoti ya leseni si ushahidi, cheti chochote siku hizi kinatengenezwa kwa simu.

Hapa ndo wengi wanaanguka hata wakikagua. Jina moja la broka linaweza kua na kampuni tano ndani yake, moja London, nyingine Seychelles, nyingine Vanuatu. Tangazo linakuonyesha ile ya London, lakini mkataba wako wewe wa Mombasa umefunguliwa na ile ya kisiwani, na mkizozana FCA haikujui. Soma mkataba, tafuta jina la kampuni inayokufungulia akaunti. Ukiona Saint Vincent and the Grenadines, mamlaka ya huko ishasema haitoi leseni za foreksi, kuandikishwa kampuni pale ni karatasi tu.

Angalia pia leveraji, yaani broka anakuongezea nguvu mara ngapi. Uingereza mtu wa kawaida mwisho ni mara 30 kwa sarafu kubwa, Marekani mara 50, Kenya ni mara 400, na wa visiwani utaona mpaka mara 1,000. Mara 400 inamaanisha dola 100 yako inashika dola 40,000, bei ikienda kinyume robo asilimia tu huna kitu, na yuro na dola hutembea zaidi ya hapo siku nyingi tu. Muulize pia kama hasara inaweza kuvuka pesa uliyoweka. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga isipande, bei ikaruka, watu wakaamka wanadaiwa na broka wao, na Alpari ya Uingereza ikafilisika.

Akipita hayo yote, weka kidogo, pesa ambayo ikipotea watoto watakula bado, tredi siku mbili tatu kisha toa. Usitume kwa namba ya mtu binafsi hata akijiita meneja. Na kama ushatuma kama binamu yangu, hifadhi meseji na risiti zote, piga simu kwa benki ama huduma uliyotumia saa hiyo hiyo, ripoti polisi na CMA, na atakayekuja kesho akisema anaweza kukurudishia ukimlipa kidogo, mkatie simu.