Ukiandika Historia ya Meli Iliyozama Vitani, Anza na Kitenzi

Nafundisha historia hapa Kigoma, na kila mwaka wanafunzi wangu huandika habari za MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Kila mwaka nakutana na sentensi ileile: "Meli ilizama wakati wa Vita Kuu ya Kwanza." Naizungushia wino mwekundu. Ukitaka kuandika historia ya meli iliyopotea vitani, iwe hii yetu au nyingine, anzia kwenye kitenzi hicho.

Meli huzama kwa dhoruba. Huzamishwa na adui. Tena kuna wenyewe wanaoizamisha kwa mikono yao ili adui asiipate. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, walioiita Graf von Götzen, waliona Wabelgiji wanaikaribia Kigoma wakaizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito. Apakaye grisi chombo anachokizamisha ana nia ya kurudi kukichukua! Mwanafunzi akiandika "ilizama" amewafuta mafundi wale, grisi yao na nia yao. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920, na hapo tu "ilizama" ni neno sahihi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Basi chukua daftari, andika kila tendo kwenye mstari wake: nani alitenda, lini, akikimbilia au akikimbia nini. Mstari ukikosa mtendaji, usiendelee mpaka umtafute.

Kisha rudi nyuma hadi kuundwa kwake. Liemba iliundwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer, huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, halafu ikapandishwa treni. Mimi huwapeleka vijana stesheni yetu ya zamani, nikawaambia watazame reli inavyoishia karibu na maji. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Bila reli hiyo, meli ya mita 71 isingefika katika ziwa hili. Iliposhushwa majini Februari 1915, vita vilikuwa vimeshaanza, kwa hiyo chombo kilichokusudiwa abiria na shehena kilianza maisha kikiwa na mizinga. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoishia Rufiji. Ukiulizwa kama ilikuwa meli ya biashara au ya vita, jibu kwa mwaka.

Tafuta kwa majina yote. Götzen alikuwa gavana wa Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Liemba ni jina la kale la ziwa kwa watu wa upande wa kusini. Anayetafuta "Liemba" peke yake atakosa karibu kila kitu cha kabla ya 1927.

Sasa wazee. Hapa ndipo kazi inaponoga, na ndipo wengi wanapoharibu. Usitoe simu ya kurekodi kabla ya shikamoo. Keti, uliza habari za nyumbani na za ziwa. Hakuna aliye hai aliyeiona siku ile ya 1916, kwa hiyo usimlazimishe mzee awe shahidi wa jambo hilo. Muulize mawili: "Baba, wewe mwenyewe uliona nini?" na "Hilo ulilisikia kwa nani?" Majibu yaandike kurasa mbili tofauti.

Mzee mmoja wa Kibirizi aliniambia babu yake alisimulia juu ya masanduku yale. Hilo nikaliweka ukurasa wa kusikia. Ila yeye mwenyewe alisafiri na Liemba hadi Kasanga, kusini mwa ziwa, akaona usiku mitumbwi ikiifuata meli katikati ya maji, watu wakipanda na magunia ya dagaa mahali pasipo gati. Huo ni ushahidi kamili, nami nauthamini kuliko kurasa nyingi nilizosoma.

Mwisho, mrudishie msimulizi ulichoandika, umsomee kwa sauti. Nilipofika kwenye "mitumbwi ilikuja," mzee alininyoshea mkono ninyamaze.

"Haikuja, mwalimu. Iliitwa. Nahodha alipiga honi, ndipo watu wakaamka wakasukuma mitumbwi."

Nikachukua kalamu nyekundu, nikazungushia sentensi yangu.