Samaki Gani Wakae Pamoja Kwenye Tangi la Mfano wa Mto

Kazi yangu ni vioo hapa Mtwara mjini. Madirisha ndiyo yanayonilisha, ila matangi ya samaki ndiyo ninayoyatengeneza kwa mapenzi, na karibu kila anayekuja kuchukua lake huuliza, "Fundi, niweke samaki gani?" Wengi wanakuja wameshachagua kwa rangi. Mimi huwaomba waanze na maji. Ukishaamua kufuga mto ndani ya nyumba, mkondo wa maji ndio unaokuambia nani aingie na nani abaki nje.

Tangi la mto liwe refu, si la kina. Kwa nyumbani ninapendekeza sentimita 120 kwa 40 kwa 40. Likijaa pomoni ni lita 192, yaani karibu kilo 200 kabla ya mchanga na mawe, kwa hiyo liwekee stendi ya chuma au ya matofali. Pampu ikae upande mmoja isukume maji kuelekea upande wa pili. Kwa samaki wa mto mimi hutaka maji yote yazunguke mara kumi kwa saa, basi hapo tafuta pampu ya lita 2,000 kwa saa. Weka mchanga wa mto, mawe yaliyolainishwa na maji, na gogo moja. Matumbawe ya baharini yaache yalipo, yanapandisha pH, yaani kile kipimo cha asidi ya maji, na kuyafanya maji kuwa magumu.

Halafu kuna joto letu la pwani. Miezi ya joto maji ya ndani ya nyumba hufika nyuzi 28 hadi 30 bila hita. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Samaki wa mkondo amezoea oksijeni nyingi, kwa hiyo huku anaumia haraka kuliko angekuwa Njombe. Ndiyo maana siwashauri watu kununua wale samaki bapa wa vijito vya baridi vya Asia wanaojibandika kwenye mawe, hata muuzaji wa Dar awasifu vipi. Samaki wa dhahabu naye hapana: anapenda maji ya baridi na anachafua sana.

Samaki usiyemjua jina msome umbo. Mwili mrefu uliochongoka na mkia uliogawanyika kama panda unakuambia huyu ni wa mkondo. Mwili wa bapa uliosimama juu kama sahani, wenye mapezi marefu, ni wa maji yaliyotulia, kama malaika wa Amazon. Ukimweka mbele ya pampu atashinda amejibanza pembeni, hali chakula. Kisha tazama mdomo. Unaotazama juu ni wa anayekula usoni mwa maji, wa mbele ni wa kati, unaotazama chini ni wa sakafuni. Ukichagua midomo ya aina tatu, samaki wako wamegawana tangi wenyewe na ugomvi unapungua.

Kwa katikati, wazuri kuliko wote ni wale samaki wadogo wenye magamba ya fedha wa jamii ya Enteromius, wanaopatikana kwenye mito yetu ya kusini. Wanaogelea kinyume na mkondo siku nzima, wamelizoea joto hili, na hawabagui chakula. Wawe sita au zaidi. Wakiwa wawili watatu wanaishi kwa hofu, na samaki mwenye hofu huanza kuwauma wenzake. Ukiwakosa, danio wenye mistari kutoka vijito vya India na Bangladesh wanafaa, ila pampu isizimwe. Gapi wenye mikia mirefu usiwachanganye nao: mikia itanyofolewa.

Sakafuni ndiko watu wanakoharibu tangi. Mzee mmoja wa Mikindani aliniletea kambale wa urefu wa kidole ndani ya ndoo. "Fundi mwanangu, si wadogo hawa? Watakaa na wenzao." Nikamwambia, "Mzee wangu, huyu anafika mita moja na kupita, na anawinda usiku. Wenzake utawahesabu asubuhi wamepungua." Kanuni ni kwamba kinachoingia mdomoni huliwa, na mdomo wa kupima ni ule wa samaki akishakua, si wa siku unayomnunua. Kwa hesabu hiyo mkunga wa mtoni anatoka. Anapita mita moja pia, na hupanda kioo akatoroka. Perege anatoka, kwa sababu anachimba mchanga na kulinda eneo kwa ukali. Ningu mdogo anavutia anapokwangua mwani kwenye mawe, lakini tangi la nyumbani litamshinda ukubwa.

Anayebaki ni gogogo wa aina ndogo, mmoja tu, mwenye pango lake la mawe. Miiba yake hunasa kwenye wavu, kwa hiyo mhamishe kwa bakuli. Na wapo wale kambale wadogo sana wa jamii ya Chiloglanis, wenye mdomo wa kunyonya, wanaoshikilia mawe mahali maji yanapokwenda kasi. Hao nawapenda kuliko samaki wote niliowataja.

Wawili wengine wanaombwa sana. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri mno, lakini ni wa ziwa, wanataka pH ya juu, na madume yao hupigania kila jiwe. Wafugie tangi lao. Na wale Nothobranchius wekundu na buluu wanaojitokeza kwenye madimbwi ya mvua huku pwani ya kusini ni wa maji yaliyosimama. Mayai yao husubiri kwenye tope dimbwi likikauka, na samaki mwenyewe maisha yake ni mafupi. Mkondo utamchosha bure.

Kabla ya kuvua Lukuledi au Ruvuma, muulize afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali, na mamba wa Ruvuma wapo kweli, usiingie majini. Ukichoka na samaki wa dukani, mpe mfugaji mwingine. Usimwage mtoni. Sato aliyeletwa tayari anazaana na perege wa asili sehemu nyingi, na vizazi vya asili vinapotea hivyo.

Kuingiza samaki, nenda taratibu. Maji ya bomba yakae siku nzima klorini itoke, na pampu izungushe maji ya tangi bila samaki wiki nne hadi sita, bakteria wa kula uchafu wajijenge. Anza na Enteromius wachache, baada ya wiki mbili ongeza waliobaki, kisha gogogo. Chiloglanis waje mwisho, mawe yakishaota mwani, na uwe umeshanunua pampu ya hewa ya betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku hao ndio wa kwanza kukosa pumzi.