SOMO: Kupiga hesabu ya wingu la gesi linalopigwa na eksirei (soma hatua ya 3 kabla ya kuuliza)

Swali la "mbona gesi yangu imetoka ya moto kupita kiasi?" limejibiwa mno, sasa majibu yakae hapa. Mfano ni nebula (wingu la gesi) inayozunguka LMC X-1, shimo jeusi lililo katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu.

1. Mng'aro, L: ergi 2×10³⁸ kwa sekunde.

2. Msongamano, n: tuchukue atomu 10 kwa sentimita ya ujazo.

3. Umbali, r. Fomula ni ξ = L/(n r²), ambapo ξ ni kipimo cha jinsi eksirei zinavyong'oa elektroni za gesi, na r (umbali kutoka shimo jeusi) LAZIMA iwe kwa sentimita. Parseki 5 (parseki ni kipimo cha umbali wa angani) ni sm 1.54×10¹⁹, hivyo ξ ni 0.084. Ukiingiza 5 yenyewe utapata kitu cha 10³⁵ na utashtuka mara moja. Hatari kubwa ni mita: ξ inapanda mara 10,000 hadi 840, namba inayoaminika kabisa, ila ni ya gesi iliyong'olewa karibu elektroni zote. Programu haitalalamika.

4. Programu za hesabu hii ni Cloudy na XSTAR. Cloudy inasoma logi (kipeo cha 10), na amri ya msongamano ni hden: "hden 1" ni atomu 10, "hden 10" ni bilioni 10! XSTAR inataka msongamano wenyewe, na mng'aro kwa vipimo vya ergi 10³⁸ kwa sekunde. Usihamishe namba kutoka moja kwenda nyingine bila kuzibadili.

5. Endesha, kisha kagua mstari wa mwanga wa heliamu wenye urefu wa wimbi wa angstromu 4686.

Swali: Mkuu, nimepata 840. Kosa liko wapi?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: L yangu ni ya fotoni za nishati ya keV (elektronivolti elfu) 2 hadi 10 tu. Inatosha?
Jibu: Haitoshi. XSTAR inahesabu kuanzia Ry 1 hadi 1000 (Ry, yaani Rydberg, ni eV 13.6). Kama fahirisi ya fotoni (kasi ya idadi ya fotoni kupungua nishati ikipanda) ni 2 kote, zidisha kwa 4.3.

Swali: Mwalimu, joto lenyewe linatoka wapi hasa?
Jibu: Swali zuri. Fotoni ya keV 1 inang'oa elektroni yenye kasi kubwa. Kwenye gesi isiyo na chaji, elektroni hiyo inang'oa nyingine, moja kwa kila eV 36 hivi, na joto linabaki kidogo. Gesi ikiwa tayari imeionishwa (atomu zake zimeng'olewa elektroni), elektroni hiyo inagongana na elektroni huru, na karibu nishati yote inakuwa joto. Tena fotoni hiyo ya keV 1 inapenya hadi njia yake iwe na atomu 4×10²¹ kwa kila sentimita ya mraba. Fotoni ya eV 13.6 inakwama kwenye 1.6×10¹⁷. Ndiyo maana nebula ya eksirei haina ukingo mkali.

Swali: Hilo Wingu Kubwa la Magellan linaonekana Dar?
Jibu: Kwa macho, ndiyo. Januari, saa nne usiku, kusini, nyuzi 27 hivi juu ya upeo. Toka kwenye taa za mji.