Dizeli ya zamani inagonga na kuchelewa kuwaka: tazama moshi kabla ya kushika spana

Nimeona injini zikishushwa na kufunguliwa hadi kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), mwenye gari akauza kiwanja ili alipe ovahoo, yaani ukarabati wa injini nzima, kumbe tatizo lilikuwa nozeli moja inayodondosha mafuta badala ya kuyapuliza. Mlio wa kugonga unatisha, na fundi mwenye njaa anajua unatisha. Ndiyo maana ninaandika hatua hizi kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, kuanzia vipimo vya bure hadi vile vya kulipia.

Ninazungumzia dizeli zisizo na kompyuta kwenye mafuta: Toyota 2L, 3L na 5L zilizojaa kwenye Hilux na HiAce, pamoja na 1HZ ya silinda sita, lita 4.2, iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za mashirika na za watalii. Vipimo vitakavyotajwa ni vya 3L isipokuwa nikisema vingine. Gari yako ikiwa ya common rail (mafuta yanaongozwa na kompyuta kwa presha kubwa sana), njia hizi hazikufai, na hatua ya kulegeza mabomba usiiguse kabisa, presha yake inaua.

Kitu kimoja cha kuelewa kwanza. Dizeli haina cheche. Hewa inabanwa zaidi ya mara 20 hadi inakuwa ya moto, kisha mafuta yanapulizwa ndani yanawaka yenyewe. Joto likiwa pungufu, au mafuta yakija vibaya, au yakija kwa wakati usio wake, hayawaki papo hapo. Yanakusanyika kidogo, halafu yanalipuka yote kwa mkupuo. Kule kukusanyika ndiko kunakofanya gari ichelewe kuwaka, na ule mkupuo ndio mlio unaousikia. Kwa hiyo gari ikigonga asubuhi na pia ikasumbua kuwaka, chukulia kwanza kwamba ni ugonjwa mmoja hadi vipimo vikukatalie.

Hatua ya 1: Gari ilale, usiiwashe

Pima injini ikiwa baridi kabisa. Mwenye gari akikuletea gereji saa nne imeshatembea, mwambie aiache. Gari ya kwenye baridi ya Njombe au Makete mwezi wa Juni ikipimwa mchana Dar es Salaam itakudanganya.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Usawa ukiwa juu ya alama na hakuna aliyeongeza, dondosha tone kwenye kidole unuse. Harufu ya dizeli maana yake kuna nozeli inavujisha mafuta ambayo hayaungui, yanapita kwenye ringi za pistoni hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), au sili ya pampu imekufa. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, na beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) ndizo zitakazolipa. Ukikuta hivyo, mwaga oili uweke mpya kabla ya kuendelea na chochote.

Hatua ya 2: Starta inazungusha vizuri?

Watu wengi wakisema gari inachelewa kuwaka wanamaanisha mambo mawili tofauti. Moja ni starta inayozungusha kwa shida. Jingine ni starta inayozungusha vizuri lakini injini haishiki.

Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6. Mtu akipiga starta, isishuke sana chini ya 10. Ikishuka hadi 8, betri au starta ina tatizo. Ikibaki juu lakini starta bado ni nzito, angalia erthi: weka mita, mguu mmoja kwenye bloku ya injini na mwingine kwenye hasi ya betri, kisha piga starta. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye waya wa erthi au kwenye kituo kilichoota kutu. Hiki kipimo kinachukua dakika moja na kimeokoa starta nyingi zisizo na kosa. Kumbuka baadhi ya Land Cruiser za zamani zina mfumo wa volti 24, kwa hizo zidisha namba za betri mara mbili.

Hatua ya 3: Moshi wakati wa kupiga starta

Hapa ndipo njia inagawanyika. Mtu mmoja apige starta, wewe simama nyuma kwenye ekzosi.

Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Nenda hatua ya 4.

Ukiona moshi mweupe au wa kijivu unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, mafuta yanafika ila hayawaki. Nenda hatua ya 5. Moshi mweupe usiowasha macho, unaoendelea injini ikishapata moto huku maji ya rejeta yakipungua, ni mvuke. Hapo fikiria gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya 4: Hakuna moshi

Fungua swichi bila kupiga starta, sikiliza kwenye pampu ya mafuta. Lazima usikie "tik" ya ile solenoidi ya kukata mafuta. Isipolia, pima kama umeme unaifikia.

Ikilia, mtuhumiwa anayefuata ni upepo. Tangi liko chini kuliko pampu, kwa hiyo palipo na upenyo mdogo hewa inaingia usiku na mafuta yanarudi tangini. Asubuhi, kabla ya starta, bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli hadi iwe ngumu. Gari ikiwaka mara moja baada ya hapo, jibu umeshalipata: inavuta upepo. Kutafuta mahali, weka kipande cha mpira unaoonekana ndani kati ya filta na pampu, washa, utaona viputo vikipita. Mara nyingi ni pampu ya mkono yenyewe iliyochanika ndani, oringi ya filta, au mipira ya kurudisha mafuta juu ya nozeli iliyokauka.

Ukitaka uhakika, lisha pampu moja kwa moja kutoka kidumu safi cha dizeli kilichowekwa juu kuliko pampu. Ikiwaka vizuri siku mbili tatu asubuhi, kosa liko kati ya tangi na pampu, na pampu yako isiguswe.

Hatua ya 5: Moshi mweupe, anza na plagi za hita

Plagi za hita hupasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Taa ya hita kwenye dashibodi kuzimika si ushahidi. Taa hiyo mara nyingi inaendeshwa na taima, plagi zote nne zinaweza kuwa zimekufa na bado ikawaka na kuzimika kwa adabu.

Fungua ile bamba inayounganisha plagi. Chukua taa ya testa, klipu kwenye chanya ya betri, ncha uiguse kichwani mwa kila plagi. Inayowasha taa ina njia, isiyowasha imekufa. Ukiwa na mita, plagi nzima husoma ukinzani mdogo sana, karibu na omu 1 au chini yake. Kisha pima kwenye bamba lenyewe kama umeme unafika swichi ikifunguliwa, maana rilei nazo hufa.

Usiijaribu plagi kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri kabla hujasoma maandishi yake. Kuna Toyota zinazotumia plagi za volti 6 na nyingine za volti 11 au 12. Ukiipa ya 6 volti 12 itawaka nyekundu vizuri sana, halafu haitawaka tena.

Na kitambaa chenye petroli mdomoni mwa hewa, au ile dawa ya kopo ya kuwashia? Usifanye. Petroli inalipuka kabla pistoni haijafika juu, hasa hita zikiwa zimechemka. Ringi zinavunjika, pistoni zinapasuka, na mlio uliokuwa wa nozeli unakuwa wa kweli.

Hatua ya 6: Taiming na kile kifaa cha baridi

Hita zikiwa nzima na moshi mweupe bado upo, shuku taiming, yaani wakati ambao pampu inapuliza mafuta. Tazama ubavuni mwa pampu. Kuna kifaa chenye mipira miwili midogo ya maji ya rejeta. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, kifaa kinasukuma mkono wa pampu: mafuta yanawahi kidogo na mzunguko unapanda. Injini ikipata moto, nta inayeyuka, kinaachia.

Asubuhi, angalia kama kimeushika mkono. Baada ya injini kupata moto, lazima pawe na nafasi kati yake na mkono. Kikifa kikiwa kimeachia, gari inasumbua baridi. Kikibaki kimesukuma, inawaka vizuri lakini inagonga na kupiga resi hata ikiwa ya moto. Hili la pili naliona sana, kwa sababu mafundi wakikuta ile mipira inavuja wanaiunganisha pembeni na kukikosesha kifaa maji ya moto. Kinaamini ni alfajiri siku nzima.

Kama kifaa ni kizima, hakiki alama za taiming beti. Beti iliyoruka jino moja inachelewesha pampu: moshi mweupe, gari dhaifu mlimani. Pampu iliyowahishwa kupita kiasi inafanya kinyume, inawaka haraka ila inagonga kikavu. Na kama hujui beti ilibadilishwa lini, badilisha. Kwenye 3L na 1HZ kilomita 100,000 ndiyo desturi, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa kazi hiyo. Ikikatika, pistoni na valvu zinakutana.

Hatua ya 7: Mlio unatoka silinda ipi?

Sasa injini inazunguka na inagonga. Vaa miwani. Chukua spana namba 17, funika nati ya bomba la nozeli kwa kitambaa, ulegeze nusu mzunguko hadi mafuta yavujie nje, sikiliza, kisha kaza. Rudia silinda moja moja. Usiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka, yanapenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kukupeleka kukatwa kidole.

Silinda ambayo ukiilegeza mlio hauguswi na mzunguko haushuki, ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Silinda ambayo ukiilegeza mlio unapotea, ndiyo yenye tatizo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mlio ukipotea wanasema "konrodi". Ni kweli beringi mbovu ya konrodi hunyamaza ukiitoa mzigo, lakini nozeli mbovu nayo hunyamaza vilevile. Kipimo hiki kinakuonyesha silinda tu, hakikuambii ugonjwa. Kwa hiyo hamisha nozeli. Tuseme mlio uko silinda ya 2: toa nozeli ya 2 na ya 4, zibadilishane, weka pete mpya za kuzibia (washa) chini yake, toa upepo kwenye mabomba, kisha washa injini. Mlio ukihamia silinda ya 4, tatizo ni nozeli, zipeleke zote nne kupimwa kwenye mashine na kubadilishwa ncha. Ukibaki silinda ya 2, sasa una haki ya kuogopa.

Kuna Hilux ililetwa ikiwa imeshapigiwa hesabu ya kranki, beringi na pistoni. Tulipobadilishana nozeli, mlio ukahama nayo. Ncha ilikuwa imekwama wazi kwa uchafu mweusi mgumu kama lami. Mwenye gari alicheka, kisha akanyamaza, nadhani alikuwa anakumbuka ile hesabu.

Masikio nayo yasaidie. Kugonga kwa mafuta ni kukavu, kunazidi baridi na gari ikiwa imesimama, na kunapungua injini ikipata moto. Beringi ya konrodi ni mlio mzito wa chini, unazidi injini ikipata moto na oili ikiwa nyepesi, unasikika zaidi ukikanyaga mafuta kwenye mzigo au ukiachia ghafla. Ukiusikia huo huku taa ya oili ikimulika, zima, usiendeshe hata hadi gereji.

Na kabla hujalaumu nozeli, uliza gari ilijazwa wapi. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inagonga na inakausha pampu. Tanzania iliweka vinasaba (alama za kemikali za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta tangu 2010, Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia uchanganyaji huo, na bado dizeli ya kwenye vidumu kando ya barabara inauzwa. Kile kidumu safi cha hatua ya 4 kitakujibu na hili.

Hatua ya 8: Wasingiziaji

Toyota hizi zina pampu ya vakyumu, inayosaidia breki, nyuma ya alteneta, na ikichakaa inagonga kama injini. Toa mkanda wa alteneta, washa kwa muda mfupi, sikiliza. Usiendeshe hivyo, breki zitakuwa ngumu kama ukuta. Angalia pia mikono ya injini, yaani vishikizo vyake vya raba. Mlio mwepesi wa haraka juu ya silinda hedi ni valvu zinazohitaji kurekebishwa nafasi, si wa kukunyima usingizi.

Hatua ya 9: Kompresheni

Ukifika hapa, lipia kipimo cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Pima kupitia matundu ya plagi za hita, solenoidi ikiwa imechomolewa waya, kwa geji ya dizeli. Ya petroli itavunjika. Kwa 3L kiwango ni karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba, mwisho wa kuvumilika ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Silinda zote zikiwa na 24 zinazolingana, gari itasumbua baridi lakini bado ina maisha. Moja ikiwa 18 na nyingine 30, hapo ndipo silinda hedi inafunguliwa.

Kama kompresheni ni nzuri na gari inawaka vizuri baridi ila inakataa ikiwa ya moto, funga kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, subiri ipoe, ujaribu. Ikiwaka, pampu imechakaa ndani na mafuta mepesi ya moto yanapita pembeni. Ipeleke kwa mwenye mashine ya kupimia pampu, na umwombe akuonyeshe vipimo kabla hajaifungua.