Namna ya Kusoma Fizikia, Uhandisi na Falaki katika Chuo cha Elimu Huria Marekani

Nchini Marekani vipo vyuo vidogo, vingi vyake vikiwa na wanafunzi elfu mbili hivi, ambavyo karibu kazi yao yote ni kufundisha shahada ya kwanza, na ambavyo humtaka kila mwanafunzi asome lugha, historia au falsafa sambamba na fani yake kuu. Hapa nitaviita vyuo vya elimu huria, ila msomaji wa Tanzania asivichanganye na Chuo Kikuu Huria, ambacho ni huria kwa maana ya kumruhusu mtu asome akiwa popote. Wazazi wengi wakisikia habari za vyuo hivi hudhani kuwa sayansi huko ni pambo tu. Lakini John Mather, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2006, alihitimu kwenye chuo cha aina hiyo, Swarthmore, mwaka 1968. Joseph Taylor, aliyeipata mwaka 1993, alitoka chuo kingine cha namna hiyo, Haverford. Na Vera Rubin, ambaye vipimo vyake vya mzunguko wa galaksi viliwafanya wanafalaki wakubali kuwapo kwa mata isiyoonekana, alihitimu Vassar, nacho ni chuo cha elimu huria, mwaka 1948.

Jambo la kuamua mapema kuliko yote, kabla hata ya kujaza fomu ya maombi, ni uhandisi. Vingi vya vyuo hivi havina idara ya uhandisi kabisa, na mwanafunzi anayegundua hivyo akiwa mwaka wa pili huwa amechelewa. Tafuta kwanza vyuo vyenye shahada ya uhandisi iliyopewa ithibati na ABET, chombo kinachokagua programu za uhandisi nchini humo. Swarthmore na Lafayette za Pennsylvania zinayo, Harvey Mudd ya California inayo, na Smith, chuo cha wanawake cha Massachusetts, kilitoa wahandisi wake wa kwanza mwaka 2004. Kisha soma jina la shahada yenyewe. Swarthmore na Harvey Mudd hutoa shahada ya uhandisi kwa ujumla, bila kutaja ujenzi, umeme wala mitambo, ilhali Lafayette hutenganisha fani hizo. Tofauti hii huonekana ndogo mpaka siku unaporudi nyumbani kuomba usajili kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania au ile ya Kenya, ambako utaulizwa wewe ni mhandisi wa nini. Ni busara kuwaandikia wahusika wa bodi mapema, ukiambatisha orodha ya kozi, na kuyahifadhi majibu yao.

Ipo pia njia ya miaka mitano, ambapo mwanafunzi husoma miaka mitatu katika chuo kidogo, kisha huhamia miaka miwili katika chuo kikuu chenye uhandisi, kama vile Columbia ya New York au Washington University ya St. Louis, na kuhitimu akiwa na shahada mbili. Katika vipeperushi njia hiyo huvutia sana. Tatizo ni kwamba ufadhili uliopewa na chuo cha kwanza kwa kawaida haukufuati kwenye chuo cha pili, na anayetegemea ufadhili kwa asilimia mia anaweza kujikuta mlangoni pa mwaka wa nne bila ada. Kwa maoni yangu, mtu wa namna hiyo asiiweke njia hii kuwa tegemeo lake.

Fizikia yenyewe ni ngazi, na ngazi hiyo huanza muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza. Washauri wa masomo watakuhimiza uonje kila kitu kabla ya kuchagua fani mwishoni mwa mwaka wa pili. Ushauri huo unamfaa anayeelekea historia, lakini mwanafizikia akiufuata humchelewesha mwaka mzima. Utaanza na mekanika, ufuate umeme na usumaku, huku ukisoma kalkulasi. Mwaka wa pili utaongeza aljebra ya mistari na milinganyo ya tofauti. Ndipo utakapofika kwenye mekanika ya kwanta na fizikia ya joto. Kwa kuwa idara ni ndogo, baadhi ya kozi za juu hufundishwa mwaka mmoja na kuachwa mwaka unaofuata, kwa hiyo omba ratiba ya miaka miwili na upange ukianzia mwisho kurudi nyuma. Kwa kawaida utasoma kozi nne kila muhula, yaani 32 kwa jumla. Fani ya fizikia huchukua kumi hivi pamoja na hisabati. Uhandisi wa Swarthmore huchukua takriban 20, hivyo nafasi ya kuonja ni finyu.

Aliyetoka kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) mara nyingi huweza kuruka kozi ya kwanza ya kalkulasi, na afanye mtihani wa upangaji bila woga. Kuruka maabara ni suala jingine. Wengi wetu tulizoea majaribio yenye jibu linalojulikana, ambapo grafu isiyonyooka huwa ni aibu ya kufichwa. Huku utatakiwa kueleza kipimo chako kina shaka kiasi gani, na kwa nini, na ripoti itasahihishwa lugha kama insha. Hapo ndipo mwenye alama nzuri za Dodoma au Nairobi hupata alama mbaya ya kwanza.

Kuhusu falaki, usidanganywe na ukubwa wa darubini. Chuo cha Williams huko Massachusetts kinacho kituo cha kutazamia nyota cha Hopkins kilichojengwa miaka ya 1830, kongwe kuliko vyote vilivyosimama Marekani, na ni fahari kukiona, lakini darubini za chuoni ni za kujifunzia, tena mbingu za kaskazini-mashariki mwa Marekani zina mawingu na baridi isiyo na huruma. Kazi halisi hufanywa kwa data za darubini kubwa za mbali, kwa hiyo jifunze kuandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python mwaka wa kwanza. Huko Massachusetts, vyuo kama Amherst, Smith na Mount Holyoke huungana na Chuo Kikuu cha Massachusetts katika idara moja ya falaki, na wanafunzi hupanda basi kufuata kozi. Anayelenga uzamivu achukue fani kamili ya fizikia, falaki iwe nyongeza.

Faida kubwa ya vyuo hivi ni utafiti. Hakuna wanafunzi wa uzamivu, hivyo mhadhiri anayehitaji msaidizi humchukua wa shahada ya kwanza. Nenda ofisini kwake muhula wa pili, ukiwa umesoma walau makala yake moja, umuulize kuhusu kazi hiyo kabla ya kuomba nafasi. Fahamu pia kwamba programu za utafiti wa kiangazi zinazolipiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ni za raia na wakazi wa kudumu tu. Utategemea fedha za chuo chenyewe. Swali la kukiuliza chuo kabla ya kukubali nafasi ni kama posho ya kiangazi huwahusu wanafunzi wa kigeni.

Katika maombi, vyuo vichache, kama Amherst na Bowdoin, humpima mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, vingi huuangalia. Maombi ya mapema hufungwa Novemba na hukufunga uende ukikubaliwa, ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari.

Maombi ya uzamivu hutumwa Desemba ya mwaka wa nne, moja kwa moja bila kupitia uzamili, na hudai barua tatu za wahadhiri. Barua inayosema kuwa ulipata A darasani ina uzito mdogo kuliko ya mtu aliyekuona ukihangaika kiangazi kizima na kifaa kilichokataa kufanya kazi, kwa hiyo hesabu vipindi vyako vya kiangazi: kabla ya Desemba hiyo vipo vitatu tu.