Kabla ya kuteremka Magadi kupiga picha ya mgunga

Ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni kuhusu kupiga picha ya mti sugu kwenye ardhi kavu umeandikiwa misonobari ya magharibi mwa Marekani, hasa ile mikongwe ya White Mountains huko California, ambako mmoja uliopewa jina la Methuselah umepita miaka 4,800. Ni ushauri mzuri, ila ni wa huko. Nyika zetu hazina msonobari wa asili. Mti sugu wa mtu wa Nairobi ni mgunga, ule wa mwavuli, na njia rahisi ya kuufuata ni barabara ya Magadi: unapita Rongai na Kiserian, unafika Corner Baridi, kisha unaanza kuteremka kwenye Bonde la Ufa. Unatoka kwenye baridi ya juu na kushuka hadi mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, na koti ulilovaa asubuhi linakuwa mzigo kabla ya kufika Olorgesailie, kituo cha mabaki ya kale kilicho njiani.

Jambo la kupanga kabla ya yote ni mwanga, kwa sababu hapa hausubiri mtu. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kufikia saa moja limekaribia nyuzi 7 na ule mwanga laini wa dhahabu umekwisha. California jua hupanda kwa mshazari, kwa hiyo mpiga picha wa huko ana nafasi zaidi ya kuzungukazunguka akitafuta pembe. Wewe huna. Saa sita na nusu mchana hali ni mbaya zaidi: hata mwezi Juni jua letu liko nyuzi kama 65 juu, na karibu na Machi na Septemba liko utosini kabisa. Msonobari uliopindapinda unaweza kuvumilia jua la namna hiyo kwa kuwa uzuri wake uko kwenye shina lililo wazi. Mgunga umejifunika mwavuli. Jua la juu linaupiga kichwani, shina linazama gizani, na picha inatoka na doa jeusi katikati. Unahitaji jua lililo chini kiasi cha kupenya chini ya matawi na kugusa gome.

Ongeza hapo umbo la bonde lenyewe, jambo ambalo programu za simu za kuonyesha saa za jua huenda zisilihesabu. Ukisimama karibu na ukuta wa mashariki, vilima vya Ngong na miinuko yake vinachelewesha jua la asubuhi. Ukivuka hadi ng'ambo ya Ziwa Magadi, ukuta wa magharibi wa bonde, Nguruman, unalimeza jua la jioni kabla ya saa iliyoandikwa. Kwa hiyo chagua mti kulingana na saa unayoitaka: wa asubuhi usiwe chini ya kilima upande wa mashariki, wa jioni uwe mbali na Nguruman.

Ndiyo maana mti hauchaguliwi siku ya kupiga picha. Teremka siku nyingine, hata mchana wa jua kali usiofaa kwa lolote, utembee kwa miguu na kuangalia vitu viwili. Kwanza mandhari ya nyuma: mgunga wenye kilima nyuma yake hupotea ndani ya kilima, lakini ukiinama kidogo, mwavuli wote unaingia angani. Pili mstari wa chini wa majani. Mara nyingi umenyooka kabisa, kwa sababu mbuzi na twiga wamekula kila kilichofikiwa na midomo yao, na mstari huo ukilingana na upeo wa macho picha inatulia. Andika mahali ulipo na mwelekeo wa dira. Desemba jua huchomoza nyuzi 23 hivi kusini mwa mashariki na Juni upande wa kaskazini, hivyo pembe ya mwezi mmoja haitakufaa miezi sita baadaye.

Kuhusu msimu, wengi hukimbilia Januari na Februari kwa sababu hakuna mvua. Mimi sipendi anga la bluu tupu juu ya ardhi ya kahawia. Naona mwanzo wa mvua za vuli, Oktoba kuingia Novemba, una mawingu ya maana na vumbi linapungua hewani. Ila msimu huo una hatari yake. Mvua ikinyesha juu Ngong, korongo lililo kavu mbele yako linaweza kujaa maji wakati kwako hakuna hata tone. Usiegeshe gari ndani ya korongo, hata kama ndipo penye kivuli.

Ardhi ile ina wenyewe. Unaweza kuona kilomita nyingi zisizo na nyumba na bado ukawa kwenye malisho ya watu. Ukikutana na mchungaji au mzee, anza kwa salamu, hata "Sopa" tu, salamu ya Kimaasai, eleza unachotaka, na uulize kabla ya kuelekeza lenzi kwa mtu au mifugo yake. Kama unabeba droni, usajili na kibali vinatoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na vinashughulikiwa ukiwa bado mjini.

Gari liache barabarani. Alama za magurudumu zinaharibu uwanja wa mbele wa picha, na miiba ya mgunga, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda, haichagui tairi. Tena mgunga wa Ténéré nchini Niger, uliosimama peke yake katikati ya Sahara kiasi cha kuwekwa kwenye ramani, uliangushwa na lori mwaka 1973. Jangwa lote lile, na bado dereva akaupata. Vaa viatu vya soli nene na uangalie unapokanyaga, maana moma hulala kimya kwenye majani makavu.

Vifaa si vingi: tripodi, lenzi moja pana na moja ya kati, betri za ziada. Lenzi ndefu ni ya asubuhi tu, kwani ardhi ikishapata joto hewa inacheza na hakuna kitakachotoka kikiwa kikali. Badilisha lenzi ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa. Vumbi la kando ya ziwa lina magadi na hula vyuma, hivyo tripodi ifutwe kwa kitambaa chenye maji safi siku hiyohiyo.

Jaza tangi Kiserian, kagua tairi la akiba, pakua ramani, beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani yanatosha. Na amua mapema utalala wapi. Ukipiga picha ya machweo, giza linaingia dakika ishirini tu baadaye, na mbele yako kuna mlima, ng'ombe na punda barabarani, kisha foleni ya Rongai. Olorgesailie, chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, pana banda na uwanja wa kambi. Piga simu kabla na ubebe chakula chako, nawe asubuhi utakuwa karibu na mti wako.